Milango Minne ya Mafungu

Njia ya kufika Mafungu sitaieleza. Aliyekwisha kwenda hahitaji kuelekezwa, na ambaye hajaenda namwombea asiende. Itoshe mjue kwamba nilikuwa katekista kwa miaka thelathini na miwili, nikastaafu na goti bovu, na kwamba naandika haya kwa sababu Paroko ameniambia mara tatu niache kuyasimulia mezani wakati watu wanakula.

Nchi yenyewe ni safi. Nalisema hilo mapema nisije nikaonekana nina chuki. Barabara zimefagiliwa, watu wanasalimiana, na mgeni habebi mzigo wake. Katikati ya mji mkuu kuna uwanja, na katikati ya uwanja kuna jengo dogo la mawe linaloitwa Makao. Makao yana milango minne, kila upande mmoja. Wa mashariki ni wa Huruma, wa magharibi ni wa Haki, wa kaskazini ni wa Uwezo, wa kusini ni wa Ujuzi. Kila mlango una ofisi yake ng'ambo ya uwanja, nayo huitwa Nyumba, yenye ufunguo wake, sare yake na siku yake ya ibada. Wanaamini kwamba Mungu anakaa humo ndani kwa mafungu, kila fungu katika chumba chake, na kwamba vyumba hivyo havipitiani.

Mwenyeji wangu alikuwa Bwana Abisai, Katibu wa Nyumba ya Haki, mtu mpole mwenye kucha safi, ambaye sikumsikia akipaza sauti hata siku moja. Nilimuuliza desturi hii ilianzaje. Akanijibu kama anayesoma tangazo. Zamani, alisema, watu walimwomba Mungu mzima mzima. Ukaja ukame, wakaomba mvua, mvua ikaja ikachukua nyumba mia mbili na waliokuwemo. Wakuu wakakaa, wakaliona kosa: watu waliita Huruma, ukaja Uwezo.

"Tangu hapo tunaita fungu moja moja," alisema.

"Na mafuriko hayajarudi?"

"Yamerudi mara nne. Lakini sasa tunajua ni Nyumba ipi ya kulaumiwa."

Nilicheka. Yeye hakucheka, nami nikameza kicheko changu.

Kila mtoto anapobatizwa hupewa fungu, na utepe wa rangi ya fungu hilo hufungwa mkononi mwake, na hata akifa huzikwa nao. Mtu wa Huruma kazi yake ni kuhurumia. Wa Haki hupima nani amekosa. Wa Uwezo hutenda, wa Ujuzi hujua. Kugusa fungu la mwenzako ni kosa la jinai, na wanaliita kuchanganya.

Siku yangu ya pili niliona maana yake. Ghala la mahindi lilimwangukia mzee mmoja nyuma ya soko. Watu wa Huruma walifika kwanza, wakapiga magoti pembeni ya kifusi wakalia, na yalikuwa machozi ya kweli, mama mmoja alizimia kabisa. Mikono yao ilikuwa mizima na majembe yalikuwa palepale. Wakaja wanaume wa Uwezo, mabega mapana, wakaanza kufukua upande ambao hakukuwa na mtu, kwa kuwa kujua si kazi yao. Dada mmoja wa Ujuzi alisimama karibu yangu. Alikuwa amemwona mzee akiingia, alijua hata alikokaa, na alinyamaza. Wa Haki walikuwa wakihojiana kama marehemu, maana walikwisha kumwita marehemu, aliwahi kuonywa juu ya nguzo zile. Alasiri wakamfikia. Alikuwa bado ana joto.

Nilikasirika. Nikamwambia Bwana Abisai, "Kwetu mtu mmoja angehurumia, akajua, akachimba."

"Mtu mmoja?" Alinitazama kama nimetamka jambo la aibu mbele ya wakwe. "Sasa akimaliza, mnamshukuru kwa lipi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kumweleza. Kwa miaka thelathini na miwili nilifundisha swali lile la katekisimu, kwamba je, Mungu ana sehemu, na darasa zima likaitikia kwamba hana. Nilikuwa nalifafanua vizuri, hata Askofu aliwahi kunisifu. Nilikuwa nasema: sisi tuna wema kama mtu alivyo na shati, leo umelivaa, kesho liko kwenye kamba. Mungu hana wema namna hiyo. Wema wake ni Yeye mwenyewe. Haki yake ni Yeye huyohuyo, na huruma yake, na uwezo wake. Majina ni mengi kwa sababu akili zetu ni fupi, si kwa sababu Yeye ni wengi wala amegawanyika. Yote hayo nilikuwa nayo mdomoni. Lakini chakula cha Bwana Abisai kilikuwa kitamu, nami nilikuwa mgeni wake, nikasema tu kwamba kila nchi ina mambo yake.

Katika nyumba ya wageni nilihudumiwa na mama mmoja anayeitwa Nakundwa, mwenye utepe wa Huruma. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa maneno, na uji wake wa ulezi ulinifanya nimkumbuke marehemu mke wangu. Aliponiona nachechemea alikanda goti langu kwa maji ya moto bila kuombwa. Asubuhi ya siku ya tatu aliniletea uji umeungua, akausimamia pale mezani kana kwamba hajui umefikaje.

"Mama, kuna nini?"

"Wamemchukua mume wangu, Mwalimu."

Mumewe aliitwa Elineema, fundi mwashi, mtu wa Uwezo. Paa la Makao lilikuwa linavuja, na kwa kuwa hakuna Nyumba iliyokubali mwenzake aingilie mlangoni kwake, aliamriwa alizibe kwa juu bila kutazama ndani. Bati lilikuwa limeoza. Lilipasuka chini ya miguu yake, akaanguka ndani. Akatoka kwa kamba, ana jeraha pajani, na akasema alichokiona. Humo ndani hamna vyumba vinne. Ni chumba kimoja. Ukiingia mlango wowote, umeingia mote.

"Alikwenda kuwaambia kwa nia njema," Nakundwa alisema. "Alidhani watafurahi. Wamemfungulia kesi ya kuchanganya, na hiyo ni kifo. Mtu wa hapa hawezi kumtetea, kwa sababu kila mtu huapa kwa mlango wake tu, hana ruhusa kushuhudia kilicho nyuma ya mlango wa mwingine. Mgeni ndiye hana mlango."

Alisema hivyo akiangalia uji, si mimi. Mimi nikasema pole sana. Nilikuwa sijaona kitu bado, na neno pole halina gharama.

Siku ya nne wakanipa heshima wanayompa kila mgeni. Unachagua mlango mmoja, unafunguliwa, unaingia hatua moja, unatia mafuta katika taa iliyo mbele ya pazia zito, unatoka. Pazia haliguswi. Nilichagua Huruma, kama kila mgeni anavyochagua. Nikatia mafuta. Na hapo nikafanya jambo ambalo mtu mzima wa umri wangu hafanyi: nililisogeza pazia kwa kidole, nikachungulia.

Kulikuwa na sakafu ya mawe, tupu, pana. Mbele yangu niliona mstari wa mwanga wa jua chini ya mlango wa Haki. Kushoto kwangu mwingine chini ya mlango wa Ujuzi, na kulia wa tatu. Juu, tundu alimopita Elineema lilikuwa linamwaga jua katikati. Hapakuwa na ukuta, hapakuwa na hata alama ya ukuta. Sijui nieleze vipi. Niliogopa, na papo hapo nilifurahi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Nikaachia pazia, nikatoka nje, wakanipigia makofi.

Nilimwambia Nakundwa siku ileile, jikoni kwake, huku anachambua mchele. Sikutakiwa kumwambia kama nilikuwa sina hakika na moyo wangu, lakini nilimwambia, pamoja na kile tunachofundisha kwetu, kwamba Mungu hana sehemu. Alikaa chini sakafuni na ungo wake.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Tangu nizaliwe nilidhani ni maneno ya kumkaribishia mtu chai."

"Nitasema, mama."

"Sema tu ulichoona. Usiongeze kitu. Yeye mwenyewe hakuongeza."

Kesi ilikuwa siku ya sita. Asubuhi yake Bwana Abisai alikuja tunywe chai pamoja, akanimiminia yeye mwenyewe, akaniuliza kuhusu wajukuu wangu, shamba langu, na kama nyumbani mvua zimeanza. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kuombea sukari, kwamba kuna sheria moja ndogo ambayo wageni huwa hawaelezwi. Mgeni aliyegusa pazia hawi mgeni tena. Hufungwa utepe siku hiyohiyo, hupewa fungu, na mtu mwenye fungu havuki mpaka wa Mafungu maisha yake yote.

"Nakueleza kwa sababu wewe ni mtu wa dini," alisema. "Nikuongeze maziwa?"

Nilifikiri juu ya kaburi la mke wangu, ambalo nililiacha halijapaliliwa. Nilifikiri juu ya wajukuu. Nikafikiri pia, na hili ni baya zaidi, kwamba labda hata bila mimi wataona ukweli, maana kuufungua mlango wa pili ni kazi ya dakika moja.

Ukumbi wa Haki ulijaa. Elineema alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani, mikono imepasukapasuka kwa saruji, bendeji pajani. Hakimu alikuwa mzee mwenye kikohozi. Bwana Abisai ndiye aliyeuliza.

"Unasema huruma ya Mungu na haki yake ni kitu kimoja?"

"Mimi ni fundi, mheshimiwa. Nasema chumba ni kimoja."

"Chumba kikiwa kimoja, anayebisha kwa Huruma amebisha na kwa Haki?"

"Nadhani ndivyo. Nilipoanguka mle niliogopa na nikafurahi, na sikuweza kusema hofu inaishia wapi ndipo furaha ianze."

Watu waligunaguna. Bwana Abisai akasubiri wanyamaze.

"Kwa hiyo Mungu wako amekorogwa kama uji. Haki kidogo, huruma kidogo, uwezo kidogo."

"Hapana." Elineema alijikuna kidevu, akitafuta maneno. "Uji ni maji na unga, ndiyo maana unakorogwa. Mle ndani hamkuwa na vitu viwili vya kukoroga. Nyie ndio mna vitu vinne, kwa sababu mna milango minne. Mimi milango nimeijenga mingi, mheshimiwa. Mlango ni wa anayeingia. Chumba hakina habari nao."

Nilisikia hilo nikaona haya. Miaka yangu yote thelathini na miwili sikuwahi kulisema vizuri namna hiyo, na mimi ndiye niliyesifiwa na Askofu.

Elineema akaomba jambo moja tu, wafungue milango miwili kwa wakati mmoja. Hakimu alikohoa, akasema sheria inakataza milango miwili kufunguliwa kwa wakati mmoja, na kwamba sheria hiyo iliwekwa kulinda kuta za ndani. Wakamwita mgeni.

Nilisimama. Nakundwa alikuwa safu ya pili. Alikuwa amevaa gauni lake la ibada na amejipaka mafuta usoni, kama mtu anayekwenda kumpokea msafiri.

"Ulipotia mafuta," Bwana Abisai aliniuliza kwa upole, "uliona nini?"

"Niliona taa," nikasema. "Na pazia."

"Na nyuma ya pazia?"

"Kulikuwa na giza."

Sikumtazama Nakundwa. Nilimtazama Elineema, na yeye alinitikisia kichwa kidogo, kama anayemwambia mwenzake wa kazi kwamba si kitu, tofali lile lilikuwa na ufa toka mwanzo. Hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Nilitoka nje. Kisha nikafanya ambacho waoga hufanya, nikatafuta mahali pa kusema ukweli pasipo na hatari. Nikavuka uwanja kwenda Nyumba ya Ujuzi. Kulikuwa na bibi mmoja kwenye dawati, amezungukwa na makabati hadi darini. Nikamwambia kwa kunong'ona kwamba fundi yule hasemi uongo, chumba ni kimoja, nimekiona. Hakuinua hata uso.

"Tunajua," alisema.

"Mnajua?"

"Tunajua tangu enzi za babu yake babu yangu. Limeandikwa humo, kabati la tatu. Tunajua pia kwamba umegusa pazia. Tunajua mengi sana."

"Sasa mbona hamsemi?"

"Kijana wangu," alisema, nami nina mvi kichwa kizima, "kujua ni kwetu. Kupima ni kwao. Wakija kuuliza tutawajibu, lakini wakija kuuliza watakuwa wamechanganya, nao hawawezi."

Hukumu ilitolewa alasiri. Walitafakari, wakaona kumwua tu kungeacha neno lake lining'inie. Elineema amesema hakuna kuta, basi Elineema atazijenga. Atainua kuta mbili kutoka pembe hadi pembe, zikatane katikati ya Makao, zifanye vyumba vinne, na pale zinapokatana ataacha nafasi ya upana wa mtu, asimame humo, ajifungie kwa tofali la mwisho. Waliita hivyo kusahihisha kosa.

Nyumba ya Huruma ilikutana jioni ileile na ikamsamehe. Msamaha kamili, uliandikwa kwenye karatasi nene na kusomwa mbele yake na wazee watatu waliokuwa wakilia. Nakundwa alipiga magoti akashukuru, kisha akauliza atatoka lini. Wakamwambia kutoa mtu ni kazi ya Uwezo. Akakimbia kwa Uwezo na karatasi mkononi. Mkuu wa Uwezo aliigeuza geuza, akasema inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa siyo, kujua yaliyoandikwa si kwao. Akaenda kwa Ujuzi. Wakamwambia wanajua kwamba amesamehewa. Akaenda kwa Haki. Bwana Abisai alimpa kiti, akaisoma karatasi yote, akamwambia ni nzuri sana, aitunze.

Alizunguka uwanja ule mpaka kiatu kimoja kikamvuka, akaendelea bila kiatu. Mimi nilikuwa nimekaa dirishani pangu. Sikushuka.

Ujenzi ulichukua siku tatu. Walimwekea walinzi wa Uwezo, nao walimsombea matofali na udongo. Nakundwa aliruhusiwa kumpelekea uji. Aliniambia baadaye kwamba kuta zilikuwa zimenyooka vizuri, kwamba mumewe alizipiga timazi mara mbilimbili, na kwamba alipomuuliza kwa nini anajisumbua, alimjibu kuwa hajui kujenga vibaya. Siku ya tatu, saa tisa alasiri, tofali la mwisho likaingia. Tundu la paa likazibwa na mtu mwingine.

Na hapo ndipo yalipoanza yale ambayo Paroko hapendi niyasimulie watu wakila.

Sauti yake ilisikika. Amesimama pale kuta zinapokatana, kwa hiyo chumba chochote ungesogelea ungemsikia. Siku ya kwanza ilikuwa zamu ya Huruma, waumini wakafungua mlango wao, wakasikia sauti nyuma ya tofali, wakaanguka kifudifudi. Mungu analia pamoja nasi, walisema. Siku ya pili watu wa Haki wakasikia, wakasema anadai. Siku ya tatu wa Uwezo wakasema ananguruma, ingawa ilikuwa imepungua sana. Miaka yote hiyo hakuna Nyumba iliyowahi kupata jibu, na sasa tatu tayari zilikuwa na lao. Watu walikuja kutoka vijijini. Walivaa vizuri.

Nilikwenda na Nakundwa siku ya tatu. Nilitega sikio mlangoni pa Uwezo. Alikuwa anasema, "Maji." Kisha alikuwa anasema, "Nakundwa." Kisha tena, "Maji." Hakuna lingine alilosema. Nakundwa alikuwa na kibuyu mkononi, na walikuwa wamemzuia hatua kumi kutoka ukutani, kwa sababu ile ilikuwa siku ya Uwezo na yeye ana utepe wa Huruma.

Sijui ni nini kilinikata kamba. Nilipanda juu ya ngazi za mlango, mimi na goti langu, nikapiga kelele mbele ya uwanja mzima. Nikasema nililigusa pazia. Nikasema nilichungulia, na hakukuwa na giza, kulikuwa na jua, na ni chumba kimoja, ni chumba kimoja, huyo mnayemwabudu ni fundi wenu anaomba maji. Nikanyoosha mkono wangu wanifunge utepe wowote wautakao.

Bwana Abisai alikuja taratibu, akanishika kiwiko kama mtu anavyomsaidia mzee kuvuka.

"Kilikuwa kimoja," alisema. "Sasa ni vinne. Ingia ukaone mwenyewe, kuta zipo. Uliyosema ukumbini ndiyo yatakuwa kweli, Mwalimu. Haya ya leo ndiyo uongo."

"Nifunge utepe, basi."

"Kwa kosa gani? Pazia tumeliondoa siku ya hukumu, kabla ujenzi haujaanza, vumbi lisilichafue. Sheria yake nayo tuliifuta papo hapo." Akanipangusa vumbi begani. "Toka siku ile ungeweza kusema, hakuna ambaye angekugusa."

Watu walirudia sala zao. Mlinzi mmoja alimnyang'anya Nakundwa kibuyu, akakimwaga chini, kwa kuwa hakujua kilikuwa cha nini.

Siku ya nne ilikuwa ya Ujuzi. Walifungua mlango wa kusini, wakasikiliza asubuhi nzima, hawakusikia kitu. Bibi yule wa dawati akatangaza kwamba hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa maana anayejua hasemi. Waumini wakaitikia amina.

Niliondoka kesho yake. Nilikuta mzigo wangu umefungwa, na juu yake kifurushi cha vitumbua ndani ya kitambaa safi. Nakundwa alikuwa amesimama mlangoni. Ni sheria, mtu wa Huruma hamwachi msafiri aende na njaa, na nilitaka kuamini kwamba ni sheria tu.

"Mama," nilisema, "sina neno."

"Goti limepona?"

"Nafuu."

"Kwenu mnafundisha kwamba hana sehemu. Uliniambia jikoni."

"Ndiyo."

"Na wanaitikia wote."

"Wote."

Akaniangalia. Nimeangaliwa na watu wengi maishani, na macho ya huruma nayajua, na macho ya kunihukumu nayajua pia. Yake hayakuwa kimoja wala kingine, na hayakuwa mchanganyiko. Sikuweza kusema moja linaishia wapi ndipo lingine lianze. Nilisimama mbele yake kama nilivyosimama mbele ya lile pazia, ila safari hii sikufurahi.

Kisha akachukua bakuli langu la uji, akaenda kuliosha.

Parokia bado wananiita wakati wa mafundisho ya Pasaka, kwa sababu vijana wa siku hizi hawajui kufafanua. Naenda. Tukifika kwenye swali lile nasema nina kikohozi, namwachia mwingine aulize, halafu natoka nje. Huko nje nawasikia wakiitikia wote kwa pamoja kupitia madirisha, na sauti ni moja, dirisha lolote utakalosimama.